Mvumo wa Bariadi: historia fupi ya umeme unaoingia kwenye gitaa

Najua nimekuwa adimu hapa kijiweni, mnisamehe. Nilikuwa Bariadi kwa kazi ya ofisi, kufuatilia habari za msimu wa pamba. Habari ya pamba nimeshaipeleka kunakohusika. Hii ya leo niliipata pembeni, siku ya Jumapili, na imenirudisha kwenye historia kuliko nilivyotarajia.

Nilialikwa kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya moja ya pale mjini. Maturubai yamefungwa, mgeni rasmi kafika, spika mbili kubwa kama makabati zimesimamishwa kila upande. Mpiga gitaa la solo, kijana wa rika langu, akaweka chini ubao wake wenye pedali 5, vile visanduku vya chuma ambavyo mpiga gitaa hukanyaga kubadili sauti: kimoja cha kukwaruza, kimoja cha mwangwi, kimoja cha kuitikisa sauti, na kadhalika. Akachomeka kila kitu. Kabla hajagusa hata uzi mmoja, spika zikaanza: mmmmmmmmm. Mvumo mzito, kama mzinga wa nyuki umeangushwa chini ya jukwaa. Mgeni rasmi akageuka kutazama. Mchungaji akaonyesha kwa mkono: zima. Gitaa likazimwa, kwaya ikaimba kwa kinanda peke yake, na kijana wa watu akakaa kwenye kiti cha plastiki, gitaa mapajani, mpaka mwisho wa shughuli.

Kesi ikaja baadaye. Zile pedali zilinunuliwa kwa michango. Kuna mwanakwaya alitoa sehemu ya malipo yake ya pamba kutoka AMCOS, mwingine aliuza kuku. Mama katibu alikuwa na hoja moja tu: "Vitu vyenu hivi vya kukanyaga vimetutia aibu mbele ya wageni. Viuzwe, hela irudi." Wakati huohuo fundi wa spika alikuwa ameshashika koleo, anataka kukata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. "Ukikata hii, kelele inakata," alisema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuifanya mara nyingi.

Hilo koleo nitalirudia. Kwanza twende nyuma kidogo, maana mvumo ule una historia, na usipoijua utauza pedali zisizo na kosa, au utakata waya unaolinda uhai wa mtu.

Tuanze na mvumo wenyewe. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230, na huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mara 50 kwa sekunde ni sauti kamili, mtu anaweza kuiimba. Iko juu kidogo ya noti ya G, G ya chini kabisa. Adapta inapougeuza umeme huo kuwa wa upande mmoja kama wa betri, mabaki yasiyosafishwa vizuri hutikisika mara 100 kwa sekunde: G ileile iliyopanda kidogo, oktavu moja juu. Marekani umeme wao huenda mara 60, kwa hiyo mvumo wao unaangukia kati ya A kali na B. Hata kelele ina uraia, jamani. Yule mpiga gitaa aliniambia kwaya yao ikiimba kwa ki ya G mvumo unajificha kidogo, lakini wakihamia ki nyingine unakera masikio. Hakujua sababu. Sababu ndiyo hiyo.

Sasa turudi zamani. Usukumani watu walikuwa wakikusanyika kwa maelfu kwa ajili ya muziki kabla ya wati moja ya umeme kufika. Bagika na Bagalu, vyama viwili vikongwe vya ngoma, walishindana baada ya mavuno, kila upande ukijaribu kuvuta watazamaji wa upande wa pili kwa uimbaji, uchezaji, mbwembwe na dawa. Sauti ilitoka kwenye ngozi ya ngoma na kifua cha mtu. Hakukuwa na chombo cha kuvuma.

Umeme ulianza pwani. Wajerumani waliuwasha Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na mitaa waliyokaa wao. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, yakaanzishwa makampuni mawili: DARESCO kwa Dar es Salaam na TANESCO kwa maeneo mengine. Mwaka 1964 yakaunganishwa. Ukitazama ulikokwenda umeme wa mwanzo, utaona unafuata reli, ofisi na mashamba ya mkonge. Mkulima wa pamba wa Bariadi hakuwa kwenye ramani hiyo, ingawa pamba yake ilikuwa ikiliingizia taifa fedha za kigeni.

Gitaa la umeme nalo likafuata njia hiyohiyo. Kufikia miaka ya 1960 bendi za mijini zilikuwa zimehama kutoka magitaa makavu kwenda ya umeme, lakini vyombo vilikuwa ghali, na mwenye uwezo wa kuvinunua alikuwa taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ikaja mwaka 1971 chini ya umoja wa vijana. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, kabla ya kuhamia DDC mwaka 1983. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akihama bendi, gitaa na amplifaya vinabaki kwa mwajiri. Swali la "nitumie umeme gani kwenye vyombo vyangu" halikuwa lake, kwa sababu vyombo havikuwa vyake na soketi ilikuwa ya ukumbi.

Wakati huo ng'ambo kitu kidogo kilikuwa kinatokea. Mwaka 1962 Wamarekani walitoa kisanduku kiitwacho Maestro Fuzz-Tone, kilichofanya gitaa likwaruze kama tarumbeta lililopasuka. Rolling Stones walikitumia mwaka 1965 kwenye wimbo wao wa "Satisfaction", na tangu hapo kila mpiga gitaa akataka cha kwake. Angalia kilivyoendeshwa: betri kavu ndogo. Mwaka 1966 kikaja kingine maarufu, Fuzz Face, nacho kwa betri ya volti 9.

Kwa nini 9? Kwa sababu ya redio. Betri ile ndogo ya mraba yenye vifungo viwili juu ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya redio za transista. Watengeneza pedali waliikuta dukani, rahisi na imeenea, wakaichukua. Mpaka leo pedali nyingi duniani zinakula volti 9. Gitaa lilirithi chakula cha redio.

Na redio, wadau, ndiyo iliyofika Bariadi kabla ya waya wa umeme. Mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita iliingia Tanzania, na kiwanda chake cha Dar es Salaam kikatengeneza redio na betri za jina la National. Waulize wazee wa Usukumani kuhusu mawe ya National. Watakwambia yalivyoanikwa juani yakiisha nguvu ili yasukume taarifa ya habari moja zaidi. Mkulima aliyekuwa kilomita nyingi kutoka kwenye nguzo ya karibu alimsikia Mbaraka Mwinshehe kupitia Radio Tanzania kwa nguvu ya mawe hayo.

Hapa kuna jambo lililonifurahisha nilipokuwa naunganisha miaka. Matsushita ni kampuni ya Osaka. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, pamoja na Mbaraka Mwinshehe, walikwenda kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70, yaliyofanyika Osaka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Ikutaro Kakehashi akaanzisha kampuni ya Roland katika mji huohuo. Tawi lake la Boss likatoa pedali yake ya kwanza mwaka 1976, na mwaka 1977 vile visanduku vidogo vya rangi ambavyo vimekuwa kipimo cha pedali zote. Betri ya redio ya mkulima wa pamba na pedali ya mpiga gitaa wa kwaya ya leo vina ukoo mmoja, mji mmoja. Kati ya vile visanduku 5 nilivyoviona Bariadi, viwili vilikuwa nakala za Kichina za miundo ya Boss ya zamani.

Sasa shikilieni hili moja kuhusu zama za betri, maana ndilo kiini cha yote ninayosema leo. Betri haivumi. Ndani yake hakuna kinachokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, umeme wake unatoka kwa kemikali na unakwenda upande mmoja tu. Halafu, kila pedali ilikuwa na betri yake tumboni. Pedali ya mwangwi haikujua pedali ya kukwaruza inakula nini. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake. Watu hawakupanga iwe hivyo kwa ajili ya ukimya, ilitokea tu, lakini ndiyo umeme safi kuliko wote ambao pedali imewahi kupata.

Shida ya betri mnaijua. Inaisha, na inaisha katikati ya wimbo. Pia inategemea duka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ikaishiwa fedha za kigeni, rafu za maduka zikabaki na vumbi, na vipuri vya vyombo vya muziki vikawa hadithi. Mpaka milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na kufunguka zaidi baada ya Mzee Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985, bendi nyingi ziliishi kwa kuunga na kuchomelea.

Kisha likaja jenereta. Kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa nadhani historia ya gitaa la umeme vijijini ni historia ya kwaya kuliko ya bendi za dansi. Kwaya kama AIC Shinyanga na AIC Makongoro ya Mwanza zilisambaa kwa kanda za kaseti, na mahubiri ya mikutano ya hadhara yalihitaji magitaa, kinanda na spika mahali pasipo na nguzo. Jenereta likapakiwa kwenye gari pamoja na wanakwaya.

Jenereta lina tabia yake. Aina nyingi ndogo lazima injini izunguke mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa mara 50 kwa sekunde. Piga hesabu: 3,000 gawanya kwa 60 ni 50. Mafuta yakichoka, injini inashuka, na mvumo kwenye spika unashuka nayo. Ile G ya TANESCO inakuwa F, halafu inapanda tena mtu akigusa kabureta. Waliokulia kwenye mikutano ya injili ya vijijini wanaujua muziki huo.

Gridi ya taifa ilifika Shinyanga na Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, kipindi ambacho bwawa la Mtera nalo lilianza kuzalisha, mwaka 1988. Bariadi wakati huo ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Sheria ya nishati vijijini ikapitishwa mwaka 2005, wakala wake REA akaanza kazi mwaka 2007, na nguzo zikaanza kuingia vijijini kwa kasi. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Simiyu, makao makuu Bariadi, pamoja na Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Mji ukakua. Kuanzia 2018 hadi 2020 maonyesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, na kila banda lilikuwa na spika yake.

Lakini gridi haikuja na ukimya. Mwaka 2006 ukame uliyakausha mabwawa, mgawo ukatutesa, ukaturudia mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2023 kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere haujawashwa mwezi Februari 2024. Katika miaka ya mgawo vijijenereta vya Kichina vilijaa kila kibaraza. Na hata umeme ukiwepo, laini moja inalisha mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea mageti, na katika msimu, mota za kiwanda cha kuchambua pamba. Kila mota ikiwaka inatia mkwaruzo wake kwenye waya, na jioni nguvu inashuka taa zikawa nyekundu.

Katika zama hizi ndipo betri ilipotupwa na adapta ikachukua nafasi yake. Ni jambo la kueleweka. Adapta moja ya bei ya chakula cha mchana, na waya mmoja wenye vichwa 5 unaolisha pedali zote kwa mpigo. Hakuna kununua betri tena. Kijana wa Bariadi alikuwa na mpango huohuo, na adapta yake ilikuwa ile nyepesi ya kuwekea chaji vifaa vidogo, aliyoongezewa kichwa na fundi simu.

Hapo ndipo visima 5 vilipogeuka kuwa kisima kimoja, na kelele ikapata njia. Njia ziko mbili. Ya kwanza: pedali zote tayari zimeunganishwa upande wa hasi kupitia waya za gitaa zinazotoka moja kwenda nyingine. Ukizilisha kwa adapta moja, hasi zao zinaunganishwa mara ya pili kupitia waya wa umeme. Umetengeneza duara. Duara la waya linanasa mvumo wa umeme ulio karibu nalo, kama antena, na kuuingiza kwenye sauti. Ya pili: pedali za kisasa za mwangwi ni kompyuta ndogo. Ndani zinawasha na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, na masalia ya kazi hiyo yanarudi kwenye waya wa umeme. Pedali ya kukwaruza iliyo jirani kwenye waya huohuo inayanywa, inayakuza mara mamia, na kuyapeleka kwenye spika. Pedali ya kukwaruza kazi yake ni kukuza. Haichagui inachokuza.

Kwa hiyo pedali hazikuwa takataka na kijana hakuwa mzembe. Waliingizwa kwenye duara na uchumi wa adapta ya bei nafuu, kama sisi wengi.

Turudi kwa fundi na koleo lake. Nilimwomba asubiri, nikamsimulia habari ya Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows. Mwezi Mei 1972, jukwaani Swansea, huko Wales, alishika maikrofoni huku gitaa likiwa mkononi. Ethi haikuwa sawa. Alikufa mbele ya mashabiki, akiwa na umri wa miaka 27. Fundi alisema ukweli kwa nusu: ukikata pini ya ethi, duara moja linakatika na mvumo unaweza kupungua. Lakini pini hiyo ndiyo inayopeleka umeme ardhini siku transfoma ya amplifaya ikiungua. Ikikosekana, umeme utatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni mpiga gitaa mwenye vidole juu ya nyuzi za chuma na midomo kwenye maikrofoni. Nyumba za ibada za Simiyu zina sakafu za saruji zinazopigwa deki kila Jumapili asubuhi. Fundi alitazama sakafu, akatazama koleo, akaliweka mfukoni.

"Sasa mwandishi," akaniuliza, "mvumo tunautoaje?"

Tukarudi kwenye zama za mawe. Tulimtuma mtoto dukani alete betri 6 kubwa za tochi. Kila moja ni volti 1.5, sita ukizipanga mstari zinafanya 9 kamili. Fundi akazifunga kwa selotepu, akachomelea waya, akapima kwa mita kujua hasi iko wapi, kwa sababu pedali nyingi zinataka hasi katikati ya kichwa na ukikosea unaweza kuiua. Tukailisha pedali ya kukwaruza peke yake. Mvumo ukapotea. Tukaongeza ya kutikisa sauti kwenye betri zilezile, bado kimya. Tukaiacha ya mwangwi kwenye adapta yake yenyewe, mbali na nyingine. Kimya kwa kiasi cha kuridhisha. Tukaiunganisha ya mwangwi na wenzake kama zamani: mmmmmmm. Mshtakiwa akajulikana, akiwa na kidhibiti.

Kwa mliomo kwenye mambo haya, nimekusanya tuliyojifunza, na mengi yanatoka kwenye historia ileile.

Kinachotafutwa ni chanzo cha umeme ambacho kila tundu limetenganishwa na mwenzake. Ndani ya boksi moja kuna visima vingi, kila pedali inachota chake na hasi hazikutani. Ni betri zile za zamani zimerudishwa kwa umbo jipya, na bei ndiyo inayouma: boksi zuri la namna hiyo linaweza kuzidi bei ya gitaa la kwaya lenyewe.

Yapo mengi ya bei nafuu yaliyoandikwa kwamba yametenganishwa na hayajatenganishwa. Usiamini maandishi. Likiwa halijachomekwa popote, weka mita kwenye mlio, gusa hasi ya tundu moja na hasi ya tundu jingine. Ikilia, ni kisima kimoja chenye midomo mingi. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

Hesabu ulaji. Pedali ya zamani ya kukwaruza hula miliampia chache tu, ndiyo maana betri ilidumu. Ya mwangwi ya kidijitali inaweza kula 100 au zaidi. Jumlisha, kisha hakikisha kila tundu linatosheleza pedali yake. Tundu linalozidiwa nalo huvuma.

Kwa Bariadi, angalia pia namna boksi linavyopokea umeme. Yale mazito yenye transfoma yanaweza kuwa kimya sana, lakini jioni nguvu ikishuka nayo yanashuka, na yakiwekwa chini ya pedali ya wawa yanaimwagia mvumo wa sumaku. Yale mepesi yanayopokea kuanzia volti 100 hadi 240 yanavumilia umeme wa kupanda na kushuka, ilimradi yametengenezwa vizuri.

Na kuna njia ambayo kwa Simiyu naiona ina akili kuliko zote: betri ya sola. Nyumba nyingi zinayo tayari, ya volti 12. Yapo maboksi yaliyotenganishwa yanayopokea umeme wa betri moja kwa moja. Hapo umeikwepa gridi, mota za pamba, jenereta na F yake. Usichomeke volti 12 moja kwa moja kwenye pedali ya 9, utanikumbuka kwa ubaya. Na kwenye betri ya sola weka fyuzi.

Mwisho, chomeka amplifaya na pedali kwenye soketi moja ya ukutani yenye ethi inayofanya kazi, na ujue kwamba mvumo mwingine unatoka kwenye gitaa lenyewe. Punguza sauti ya gitaa mpaka sifuri: mvumo ukipotea, tatizo liko kwenye sumaku za gitaa. Gibson walilishughulikia hilo tangu katikati ya miaka ya 1950 kwa kufunga koili mbili zinazofutiana mvumo.

Tulimaliza majaribio jua linazama. Kijana akakaa kwenye kile kiti chake cha plastiki, betri za tochi miguuni zimefungwa selotepu kama bandeji, spika zimefunguliwa kwa nguvu ileile ya mchana. Mama katibu alikuja kuuliza funguo za stoo. Akasimama. Akatazama pedali, akatazama spika, akasikiliza.

"Kwani imewashwa hiyo?"

"Imewashwa, Mama."

"Mbona kimya?"

Kijana akapiga. Noti moja tu, akaiacha ining'inie kwenye mwangwi mpaka ikaisha yenyewe, na baada yake hapakuwa na kitu, ila chiriku za jioni na pikipiki barabara ya Lamadi.

Mama katibu hakusema sana. Alisema suala la kuuza litajadiliwa upya kwenye kikao, na kwamba kama ni betri za tochi, yeye mwenyewe nyumbani anazo nne. Kikao bado hakijakaa wakati naandika. Nikipata matokeo nitawajuza.

Haya, wenye magitaa na wenye wazee waliopiga bendi, tuambieni nyumbani kwenu mlitumia umeme gani. Kumbukumbu hizi tusipoziandika sisi hakuna atakayetuandikia.